Kuiga Sauti ya Mkubwa Hakutoshi

Kipindi cha vichekesho cha televisheni ya Marekani, Saturday Night Live, cha tarehe 3 Aprili 2021 kilianza New York saa tano na nusu usiku wa Jumamosi. Kampala ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya Pasaka, watu wakipiga pasi nguo za kanisani. Sidhani kama wengi wetu walikitazama saa ile. Vipande vyake vilitufikia baadaye kwenye simu, kimoja kimoja, na kilichovipa mbio hapa kwetu kilikuwa jina la aliyeongoza usiku ule: Daniel Kaluuya, mwigizaji aliyezaliwa London mwaka 1989 na wazazi kutoka Uganda, ambaye wiki tatu baadaye alitunukiwa Oscar ya mwigizaji msaidizi.

Fahari hiyo naielewa, na mimi ninayo. Ila ikitangulia, mtu hakioni kipindi chenyewe. Mle ndani mna jambo kubwa kwa yeyote anayeandika au kurusha vichekesho nchini mwetu, na halihusiani na asili ya Kaluuya. Lipo katika tofauti kati ya kipande kilichofungua usiku ule na kile cha chanjo kilichokuja baadaye. Cha kwanza kiliiga watu maarufu na kuishia hapo. Cha pili kilikuwa na neno la kusema. Televisheni zetu zimejaa vya namna ya kwanza, na wasanii wanaothubutu vya namna ya pili tunawaacha wabebe mzigo peke yao.

Kwa asiyekifahamu, kipindi hiki kilirushwa mara ya kwanza na NBC tarehe 11 Oktoba 1975, na mwanzilishi wake, Lorne Michaels, ndiye aliyekisimamia kwa sehemu kubwa ya miaka yote tangu hapo. Kinatoka studio 8H, ghorofa ya nane ya jengo la Rockefeller. Kila wiki anaalikwa mtu mashuhuri kukiongoza. Kuna kipande cha kufungulia, kwa kawaida cha siasa, halafu mgeni anasimama peke yake kuwasalimu watu kwa maneno ya kuchekesha, kisha vipande vifupi vya maigizo, habari za mzaha katikati, na mwanamuziki. Vingi vinafanyika moja kwa moja, mwigizaji akikosea umeona.

Kipande cha kufungulia cha usiku ule kilinichosha. Chloe Fineman alikuwa Britney Spears anayeendesha kipindi cha mahojiano, na wageni wakaingia mmoja mmoja: Chris Redd akiwa mwanamuziki Lil Nas X, Kate McKinnon akiwa Pepé Le Pew, yule kicheche wa katuni, na Pete Davidson akiwa mbunge Matt Gaetz, ambaye tuhuma zake zilikuwa zimetoka magazetini wiki hiyo hiyo. Fineman ana kipaji kisichobishaniwa. Macho, sauti, hata namna ya kuinamisha kichwa, vyote alivipata. Lakini baada ya kuvipata, basi. Watu watatu wasiohusiana waliwekwa kwenye kiti kimoja kwa sababu tu wote walikuwa kwenye habari, na mtazamaji akaachiwa furaha ya kuwatambua. Gaetz alikuwa anatuhumiwa kwa jambo zito, na kumweka foleni moja na mnyama wa katuni kulimpunguzia uzito wa tuhuma badala ya kumwongezea. Ukikiondoa kile kipande usiku ule, hakuna wazo lolote unalolipoteza.

Kisha akatoka Kaluuya.

Alitoka akiwa mtulivu, na lafudhi yake ya London ikawa ndiyo mada ya kwanza. Aliwaambia watu kwamba anajua wakimsikia wanajiuliza kama kweli ni Mweusi, maana anaongea kama Mwingereza. Akawahakikishia kuwa ni vyote viwili, halafu akasema yeye ndiye hasa ambaye familia ya kifalme iliogopa mtoto angefanana naye. Mwezi mmoja kabla, Meghan na Harry walikuwa wamemweleza Oprah Winfrey kwamba ndani ya familia ile kulikuwa na mazungumzo kuhusu rangi ya mtoto wao kabla hajazaliwa. Dunia nzima ilijadili maneno yale kwa wiki kadhaa. Kaluuya aliyabeba kwa sentensi moja, bila kumwiga Malkia, bila kumwiga Harry, bila kubadilisha sauti yake hata kidogo.

Akaendelea na swali ambalo anasema huulizwa mara nyingi, ubaguzi wa Uingereza na wa Marekani upi mbaya zaidi. Jibu lake, kwa maneno yangu: ule wa Uingereza ulikuwa mbaya kiasi kwamba Wazungu wenyewe waliondoka wakatafute uhuru wa kutengeneza ubaguzi wao, wakaenda kuanzisha Australia, Afrika Kusini na Boston. Tazama namna mzaha huu ulivyopangwa. Majina matatu. Mawili ni nchi za mbali ambazo Mmarekani anaweza kuzicheka akiwa ameegemea kiti. La tatu ni mji wa Marekani, saa chache tu kwa gari kutoka studio ile, na linakuja mwisho, wakati watu wameshaanza kucheka na hawawezi kurudisha kicheko. Kwa neno moja la mwisho, aliyekuwa anamcheka jirani amegeuka kuwa anayechekwa. Hiyo ni kazi ya mtu aliyeandika, akapanga upya, akajaribu, akaona neno gani likae wapi. Ndiyo maana nasema usiku ule ulianza hapa.

Kipande cha chanjo ndicho bora kuliko vyote. Kaluuya ni daktari anayeendesha shindano la televisheni ambalo washindani wake ni jamaa zake mwenyewe. Anataka jambo moja: wakubali kuchanjwa dhidi ya Covid. Anawatajia pesa. Wanakataa. Kila mmoja ana sababu yake, na kila sababu inatoka mahali unapopajua, dini, maneno ya mtaani, au dhana kwamba dawa iliyotengenezwa haraka hivyo haiwezi kuwa ya heri. Kenan Thompson, ambaye amekaa kwenye kipindi hiki tangu 2003 na hakuna aliyekaa zaidi yake, anacheza mzee wa familia kwa utulivu wa mtu aliyeshaamua tangu jana.

Kingeweza kuwa kipande cha kuwadharau watu Weusi wasiotaka chanjo, kwamba ni wajinga. Hakikuwa hivyo, kwa sababu aliyesimama na maswali ni ndugu yao, anawapenda, na anachoka mbele ya macho yetu jinsi daktari wa kweli anavyochoka. Na nyuma ya kicheko ipo historia ambayo mtazamaji wa Marekani hahitaji kukumbushwa: kati ya 1932 na 1972, huko Tuskegee, Alabama, idara ya afya ya serikali iliwafuatilia mamia ya wanaume Weusi wenye kaswende bila kuwapa matibabu, hata baada ya penisilini kujulikana kuwa inaitibu. Mjomba anapokataa pesa, mwenye kumbukumbu hiyo hawezi kumwita mpumbavu moja kwa moja. Kipande kinakuacha unamcheka na huku unamwelewa.

Mimi nilikitazama nikiona sebule za hapa. Shehena yetu ya kwanza ya chanjo, dozi 864,000 za AstraZeneca kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo, ilitua Entebbe tarehe 5 Machi 2021, na tarehe 10 Machi kazi ya kuchanja ikaanzia hospitali ya Mulago. Mwezi ule kila nyumba ilikuwa na daktari wake na mjomba wake. Shangazi aliyesikia mambo kwenye redio, kijana aliyetumiwa video, muuguzi wa ukoo aliyejibu maswali yale yale kwenye kila msiba hadi akaacha kujibu. Vituko vilikuwepo vya kutosha kuandikia mwaka mzima. Televisheni zilituletea madaktari wakisoma taarifa, na wachekeshaji wakiigiza waziri anavyotamka majina ya dawa. Igizo lile la familia, ambalo lingewasaidia madaktari kuliko taarifa kumi, lilitoka New York.

Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo, kwa sababu Uganda ilishawahi kuonekana kwenye jukwaa lile kabla ya Kaluuya. Katika miaka ya kwanza ya kipindi, Garrett Morris, mwigizaji Mweusi pekee wa kikosi cha mwanzo, alimcheza Idi Amin. Hakuwa peke yake. Mwaka 1975 mchekeshaji wa Uingereza, John Bird, alitoa santuri nzima akiiga Kiingereza cha Amin. Umbo kubwa, medali, lafudhi: kwa watu wa nje Amin alikuwa zawadi, maana alikuwa rahisi kuigwa. Na kadiri alivyoigwa ndivyo alivyozidi kuwa kikaragosi. Makadirio ya waliouawa katika utawala wake huanzia 80,000 na kupita 300,000. Lafudhi haikubeba hata mmoja wao.

Mwaka 1977, huku wa nje wakiendelea kucheka sauti, Byron Kawadwa, mwandishi wa tamthilia na mkurugenzi wa National Theatre yetu, alichukuliwa na watu wa Amin na kuuawa. Alikuwa ametoka kupeleka kazi yake kwenye FESTAC, tamasha la sanaa za Waafrika, huko Lagos. Hakuuawa kwa kuiga sauti. Watawala walihisi kwamba kazi yake ilikuwa inasema jambo juu yao, na walimjibu kama wanavyojibu watu wa namna ile. Nikiona vichekesho vinavyomtia mtawala lafudhi na kofia tu, nakumbuka kwamba hata Amin mwenyewe asingepoteza usingizi kwa vile.

Tuje nyumbani, leo. Teacher Mpamire amejipatia jina Afrika Mashariki yote kwa kumwigiza Rais Museveni, na nakiri bila kusita kwamba ana sikio la ajabu. Ile pumzi kabla ya neno, zile hadithi za ng'ombe, ule utaratibu wa kueleza jambo kama mwalimu wa darasa la pili, vyote vimo. Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Lakini wanaporudi nyumbani wamejua nini kuhusu utawala ambacho hawakukijua? Kofia inatambulika, sauti inatambulika, na mwenye kofia hana sababu ya kuudhika. Uigaji wa aina hii umekuwa aina ya heshima.

Sasa weka pembeni yake Bizonto, kikundi cha wachekeshaji. Julai 2020 walitoa video fupi. Hakuna aliyemwiga mtu. Waliwaomba Waganda waamke na kuwaombea viongozi wao, kisha wakaanza kuwataja: rais, halafu wakuu wa taasisi moja baada ya nyingine, wengi wao wakitoka eneo moja la nchi, magharibi. Ndiyo yote. Hakuna tusi, hakuna lawama, hata sentensi moja ya maoni haimo. Umbo walilochagua ni la sala, na katika nchi yetu nani anaweza kupinga sala? Mtazamaji anasikiliza jina la kwanza akitabasamu, la tatu akitikisa kichwa, na kufika la saba anafanya hesabu mwenyewe. Kama Boston ya Kaluuya, mzaha wote umo katika mpangilio wa majina.

Wanakikundi wanne walikamatwa na polisi kwa madai ya kueneza ubaguzi na kutoa mawasiliano ya kuudhi, wakakaa ndani siku kadhaa kabla ya kuachiwa kwa dhamana. Mimi naona kukamatwa kule kuwa uhakiki bora kuliko wowote ulioandikwa juu ya vichekesho vya Uganda mwaka ule. Wenye mamlaka walitofautisha kati ya kofia na orodha kwa usahihi ambao sisi wapenzi wa komedi hatukuwa nao.

Sehemu ya sheria iliyotumika kuwatisha watu wa aina yao, kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011, ilifutwa na Mahakama ya Katiba Januari 2023. Huo ni ushindi, na waliopeleka kesi wanastahili shukrani za kila mchekeshaji. Ila marekebisho ya 2022 yalikuwa yameshaleta makosa mapya yenye maneno mapana, na kosa la kueneza ubaguzi lipo kwenye Kanuni ya Adhabu muda wote. Ongeza na hili: jukwaa kuu la vichekesho vyetu vifupi ni mtandao, na mtandao huo tuliona ukizimwa nchi nzima mkesha wa uchaguzi wa tarehe 14 Januari 2021, Facebook ikabaki imefungwa hata baada ya mingine kurudishwa. Wiki ambayo mchekeshaji wa siasa ana kazi kuliko wiki zote, hakuwa na pa kusimama.

Kwa hiyo siwalaumu wasanii. Anayeandika peke yake, anayerekodi kwa simu ya rafiki, anayelipa dhamana yake mwenyewe, ana kila sababu ya kubaki kwenye kofia. Ninaowalaumu ni wenye vituo vya televisheni, wenye wanasheria, wenye studio na wenye matangazo ya biashara, ambao wamelipa watu kusimama na kipaza sauti lakini hawajalipa watu kukaa mezani kuandika. Jirani zetu Kenya walipita njia hii. Vijana wa Redykyulass walianza kumcheza Rais Moi kwenye televisheni Moi mwenyewe akiwa bado madarakani, na kuanzia 2009 vikaragosi vya The XYZ Show vikawachambua wanasiasa wiki hadi wiki. Kulikuwa na kituo kilichokubali kuwa nyuma yao.

Na kipaji hakijawahi kuwa tatizo letu. Theatre Factory, na baada yake Fun Factory, walijaza National Theatre kwa vipande vya maigizo Alhamisi baada ya Alhamisi, na huko ndiko Anne Kansiime alikopikwa kabla YouTube haijampeleka kila kona ya Afrika. Ukitaka kuona ustadi wa papo kwa papo, ingia kibanda cha video popote, Katwe au Arua. VJ, mtafsiri wa filamu, anakaa na kipaza sauti, filamu ya Kimarekani inapita, naye anaitafsiri, anaichambua, anamsuta jambazi, anampa polisi wa Los Angeles jina la chifu wa mtaa ule, na hakuna cha kurudia. Akichelewa nusu sekunde mzaha umekufa, na waliolipa shilingi zao watamwambia. Huyo angeajiriwa 8H kesho.

Anachokosa VJ, na wanachokosa karibu wote, ni kile ambacho kule New York hakionekani kwenye skrini: wiki ya kazi kabla ya Jumamosi. Jumatatu waandishi wanakaa na mgeni kutoa mawazo. Jumanne wanaandika mpaka alfajiri. Jumatano maandiko kama arobaini yanasomwa kwa sauti mezani, na mengi yanafia hapo hapo. Jumamosi saa mbili usiku kipindi kizima kinachezwa mbele ya watazamaji halisi, kikiwa kirefu kuliko muda uliopo, na baada ya hapo, katika dakika chache zilizobaki kabla ya saa tano na nusu, vipande vinakatwa. Mtu aliyekesha Jumanne akiandika anaona kazi yake inaondolewa kwa sababu watu hawakucheka. Inauma, na ndiyo inayokifanya kipindi kiwe hai hata katika miaka yake mibaya, ambayo imekuwa mingi. Hata hivyo kile kipande cha Britney kilipita kwenye chujio zote, kwa hiyo chujio si dawa ya kila kitu.

Naomba jambo dogo. Kituo kimoja, chochote kile, kitoe nusu saa ya Jumamosi usiku baada ya taarifa ya habari ya saa tatu. Kiajiri waandishi wanne wa kudumu kabla hakijaajiri mwigizaji hata mmoja, na angalau mmoja wao awe anaandika Kiswahili, ili kipindi kisikike Busia, Lira na Arua bila kusubiri mtu wa kukitafsiri. Kicheze kipindi kizima mara moja mbele ya watu waliotoka barabarani, na kikate kisichochekesha. Wakili akae mezani tangu Jumatatu, akisoma andiko na kueleza lipi linatetewa vipi mahakamani, na ijulikane mapema kwamba mtu akikamatwa kwa kipande kilichorushwa, kituo ndicho kitakacholipa dhamana. Wasijali sana Mpamire atagharimu kiasi gani. Wawatafute Bizonto kwanza, wawape meza na mshahara, na wawaulize sala ya wiki hii itaanza na jina la nani.